Mstari wa Chaki

"Juu," alisema Abdulatif, na Urbanus, aliyekuwa kwenye winchi ya rigi, ule mtambo wa kuchimbia visima, akavuta wenzo. Bomba likapanda futi moja. "Chini." Likashuka. "Haya, zungusha." Wanaume wawili walioshika spana ya mnyororo wakasukuma hatua nne kwenda kulia, wakairudisha spana, wakasukuma tena.

Yeye mwenyewe hakusukuma kitu. Alisimama tu, mzee mwembamba aliyevaa kofia ngumu ya kazini juu ya kofia yake ya kushonwa, kiganja cha kushoto kimelala juu ya chuma. Mpita njia asiyejua mambo angemwita mvivu. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita: kushika bomba na kujua linasema nini.

Leo lilisema vizuri. Lilitetemeka kidogo, tetemeko la mbali, la mchanga unaojikuna kwenye chuma kule gizani ambako hakuna mtu aliyewahi kufika. Kila alipolisikia, nywele za shingoni zilimsimama. Watu hustaajabia milima kwa sababu wanaiona. Abdulatif alistaajabia kilichokuwa chini ya nyayo zake, na kwa kuwa hakupata wa kumweleza akaelewa, alinyamaza nacho. Mkewe, Ruqaya, alilalamika kwamba hata usingizini mkono ule hupapasa ukuta. "Kwani unatafuta mlango wa kwenda wapi?" humwuliza asubuhi.

Kisima kilikuwa cha kijiji kimoja nje kidogo ya Matuu. Ilikuwa mwaka wa 2000, na kiangazi kilikuwa kimekula mahindi ya misimu mitatu mfululizo. Rigi ilichimba mita mia moja na arobaini, na huko chini, ndani ya mwamba, ikakuta maji matamu. Waliyaonja siku mbili zilizopita. Nzisa, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikunywa kikombe kizima, kisha akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Shida ilikuwa juu. Kwenye mita kumi na tano palikuwa na tabaka la mchanga lenye maji ya chumvi, maji yale yale yaliyowashinda hata ng'ombe katika visima walivyochimba kwa mikono. Maji hayo yangepata njia ya kuteremka, yangeharibu yale matamu, na kijiji kingebaki na shimo refu la chumvi. Kwa hiyo kulikuwa na mabomba mawili, moja ndani ya lingine kama vikombe vilivyopangwa kabatini. La ndani lilikuwa la kudumu. La nje lilikuwa la muda tu, la kuzuia mchanga usiporomoke. Saruji ilipitishwa kwa mpira hadi chini, katikati ya mabomba hayo, na kadiri ilivyopanda, bomba la nje lilivutwa na kutolewa kipande baada ya kipande, ili saruji ichukue nafasi yake na kukumbatia udongo.

Na katika saa zote hizo, bomba la nje halikutakiwa kusimama hata kidogo. Saruji haijui lipi ni la muda na lipi ni la kudumu. Ikikuta chuma kimetulia, inakishika. Ikikishika nusu ya njia, chumvi inapata mwanya wa kuteremka pembeni ya chuma, na kisima kimekwisha.

Abdulatif alijua hayo kwa uchungu. Kule upande wa Kangundo kuna bomba lililochomoza ardhini kimo cha kiuno, lenye kutu, na wenyewe hulifungia mbuzi. Lilikwama mwaka wa themanini na nne, mkono wake ukiwa juu yake. Kila alipopita barabara ile aligeuza uso upande wa pili, kisha akajilazimisha kutazama. Daima palikuwa na mbuzi.

Vipande sita vya bomba la nje viliingia ardhini. Kufikia saa nane na nusu mchana walikuwa wametoa viwili, na vinne vilibaki. Hapo ndipo Nzisa alipokuja akipunga leso, nyuma yake mzee wa koti jeusi anayesukuma baiskeli.

"Wambua!" alimwita msimamizi wa kazi. "Mchungaji amefika. Angekuja asubuhi lakini baiskeli imepata pancha huko njiani."

Wambua alikuwa mzee wa kanisa kwao, mtu wa kuogopa mambo mawili tu: rigi kuharibika na wachungaji kununa. "Mwaitu, sasa tuko kwa simiti," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Wacha tumalize."

"Mkimaliza si mtakuwa mmefunika? Hakuna msingi unafunikwa huku kabla ya maombi. Hata choo ya shule tuliombea kwanza. Ni dakika moja tu."

Wambua akamgeukia Abdulatif, akamtazama. Swali lilikuwa wazi, na jibu lilikuwa la Abdulatif peke yake.

Alifungua kinywa. Akaona watu kama hamsini wameshavua kofia na kuweka chini makarai ya saruji. Akamwona mchungaji, Mutiso, akiegemeza baiskeli kwenye mchongoma na kufuta jasho. Abdulatif ndiye aliyekuwa Mwislamu pekee pale, mtu wa Machakos mjini, wa nyumba za karibu na msikiti, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa Mkamba na kusahau kurudi. Maisha yake yote alikula na watu hawa, akazika nao, akasema Kikamba chao. Je, awe yeye wa kugonga vyuma watu wakiwa wamefumba macho? Sala yake mwenyewe alikuwa ameisogeza. Adhuhuri ilimkuta akiwa ameshika bomba, akanuia kuichanganya na alasiri, kama afanyavyo kila siku ya saruji. Ya kwake aliweza kuisogeza. Ya watu aliiona nzito.

"Dakika moja," alisema. Aliisema chinichini mno, na sidhani kama kuna aliyemsikia.

Wambua akaashiria kwa kichwa, na Urbanus akashusha mlio wa injini. Pampu ikanyamaza. Wale wawili wakaiacha spana na kukunja mikono tumboni. Na bomba likasimama.

Mchungaji Mutiso aliomba kwa Kikamba, kwa sauti nzuri yenye mikwaruzo. Aliombea maji. Hapo Abdulatif alihesabu moyoni na kuona bado ni salama. Aliombea mafundi na wake zao, na mama zao. Aliombea walimu ambao hawajalipwa, vijana waliokwenda viwandani Athi River wakaacha kuandika barua, serikali, mvua ya Novemba na ng'ombe wa Nzisa aliyevunjika mguu. Mtu aliyetembea na baiskeli mbovu kilomita tisa juani hawezi kuomba kwa haraka, na tusimlaumu.

Abdulatif alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine, lakini kiganja hakikuondoka kwenye chuma. Ndiyo maana alijua kila kitu kilipotokea. Kwanza tetemeko lilipungua. Kisha likabaki kama mpigo wa mshipa wa mtu aliyelala. Mchanga mkavu ulio juu ya tabaka lile la chumvi ulikuwa ukinyonya maji ya saruji, na saruji ilikuwa ikijikaza. Halafu akasikia, kwa kweli akasikia, bomba likishikwa. Halikushikwa kwa nguvu. Lilishikwa polepole, taratibu, kama mtoto mchanga anavyokunja vidole juu ya kidole chako. Alitaka kupiga kelele. Aliogopa, lakini pamoja na woga alishangaa kwamba dunia nzima, kubwa hivi, ilikuwa imekishika kitu alichokishika yeye.

"Ameni," walisema watu.

"Zungusha!" Abdulatif alipaza sauti kabla neno halijaisha.

Wakasukuma. Spana ikasogea kidogo, ikagoma.

"Ostadh," Urbanus aliita kutoka kwenye winchi. Ndivyo alivyomtania siku zote, ingawa sauti ya sasa haikuwa na utani. "Hii kitu imeshika."

"Najua."

"Nivute? Niko na tani ishirini hapa."

"Usiguse hiyo wenzo!" Watu wote waligeuka. Hawakuwa wamewahi kumsikia akifoka. "Kangundo tulivuta. Ilikatika kwa maungio huko chini, na hata ya juu ikakataa kutoka. Hapa hakuna kuvuta."

Alitoa kipande cha chaki mfukoni mwa shati, kile anachotumia kuweka alama za urefu. Akapiga magoti na kuchora mstari mmoja mnyoofu, kutoka kwenye bomba hadi kwenye bamba la chuma lililozunguka mdomo wa kisima. "Sukuma," alisema. Wakasukuma. Mstari ulikatika, nusu iliyo kwenye bomba ikasogea vidole viwili kutoka ile iliyo kwenye bamba, na watu wakaanza kushangilia. "Achilia." Wakaachilia. Mstari ukarudi ukaungana, kana kwamba haukuwahi kukatika.

"Si imesonga?" aliuliza Nzisa.

"Haijasonga, mwaitu. Juu inajinyonga tu kama nguo ukiikamua. Chini imeshikwa. Ukiachilia, inarudi." Akabaki amepiga magoti. "Siku huu mstari ukikataa kurudi, tutakuwa tumepona. Tuko na kama nusu saa. Baada ya hapo ni jiwe."

Nzisa hakuelewa habari ya kujinyonga, lakini nusu saa aliielewa. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa hospitalini. "Na ikiwa jiwe?"

"Maji ya chumvi itashuka."

"Hiyo tamu ya chini?"

"Itaharibika."

Wambua akaweka mkono begani mwa Abdulatif. "Ni mimi niliruhusu. Tuseme ni mimi."

"Wewe uliniangalia mimi," alijibu Abdulatif. "Mimi ndiye nashika bomba. Nilijua, nikanyamaza." Kisha akamgeukia mchungaji, kwa sababu ilibidi. "Mchungaji, maombi yako haina kosa. Kosa ni yangu. Hii bomba haitakiwi kusimama, na mimi sikukuambia."

Mchungaji Mutiso alimsogelea. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea na Mungu."

"Yeye angengoja," mzee yule alisema, na alikasirika kweli. "Miaka hii yote amekuwa akiningojea mimi! Simiti ndiyo haingoji."

Akavua koti lake jeusi. Alitafuta mahali pa kuliweka, akaliangika kwenye usukani wa baiskeli, akakunja mikono ya shati. Mikono ilikuwa ya mkulima. "Nishike wapi?"

Abdulatif alitaka kucheka na kulia. Badala yake akatoa amri. Waliingiza bomba jembamba kwenye mkono wa spana ili urefuke, wapate nafasi watu kumi na wawili. Wambua akapeleka maji kwa mpira, polepole, pembeni ya chuma. Urbanus alikaza kamba ya winchi kiasi cha kubeba uzito wa bomba tu, bila kulivuta. Mwanamume mmoja akapewa nyundo ya mbao agonge shingo ya bomba kwa kipimo, bila pupa. Wanaume walijipanga upande mmoja wa mkono, na Nzisa akaja na wanawake watano, akawasukuma wanaume kando kwa kiwiko. "Sisi ndio tunabeba mitungi," alisema. "Mgongo tuko nayo."

"Mkisukuma, msiachilie haraka," Abdulatif aliwaambia. "Mshike hapo. Acha nguvu ishuke yenyewe. Iko na mita ishirini na nne za kusafiri."

"Tuombe kwanza?" sauti fulani iliuliza kwa woga.

"Tutaomba tukisukuma," alisema mchungaji.

Mara ya kwanza mstari ulirudi. Mara ya pili ukarudi. Watu walisukuma, wakashikilia huku miguu ikitetemeka vumbini, nyundo ikigonga, mchungaji akitoa pumzi na maneno pamoja: "Mwiai, tutetheesye," Bwana, tusaidie, na wengine wakiitikia kwa koo zilizokauka. Abdulatif hakuondoa kiganja. Alisema bismillahi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote aliisema kwa sauti, mbele yao. Hakuna aliyegeuka.

Mara ya tano mstari ulirudi. Ya sita pia. Mama mmoja alianguka, akainuka, akarudi mahali pake. Jua lilikuwa upande wa vilima, na Abdulatif alihesabu dakika kwa joto lililopanda kwenye chuma, kwani saruji inapojikaza hupata homa. Alimfikiria mbuzi wa Kangundo. Alifikiria kwamba atakapokufa watu wa sehemu mbili watakuwa na bomba la kumkumbuka nalo, na kinywa kikamjaa uchungu.

"Achilia," alisema mara ya saba.

Mstari ukarudi. Ukarudi ukakaribia, ukapunguza mwendo, ukasimama. Alipiga magoti. Hakuamini macho yake, na kwa umri wake alikuwa na sababu.

"Mwaitu, njoo," alimwita Nzisa. "Macho yangu ni ya zamani. Hii mistari imekutana?"

Nzisa akapiga magoti upande wa pili, leso ikigusa udongo. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia bamba. Watu kumi na moja waliokuwa kwenye mkono wa spana walinyoosha shingo.

"Haijakutana," alisema. "Kumebaki kama kijiti cha kiberiti."

Hakuna aliyeshangilia; safari hii walikuwa wamejifunza. Abdulatif aliinua mkono wa kulia tu, na Nzisa akarudi mahali pake wakasukuma tena, na walipoachilia, mstari wa bomba ulibaki nyuma kidole kizima. Mara iliyofuata ulibaki mbali kiasi cha kiganja. Kisha chini, mbali, kule kwenye giza lisilo na mtu, kitu kikaachia. Hakukuwa na kishindo. Kiganja chake kilipata tena tetemeko lile la mchanga, dogo, jepesi, na machozi yakamtoka yasizuiliwe na kofia ngumu wala uzee.

"Juu," alimwambia Urbanus. "Futi moja. Pole pole kama yai."

Bomba likapanda.

Kuanzia hapo hakuna aliyeketi. Vipande vinne vilitoka kimoja kimoja, vimepakwa uji wa kijivu, vikalazwa kwenye nyasi, na wanawake wakavigusa kwa ncha za vidole wakanong'ona kwamba vina joto kama mkate. Wambua alimwaga saruji bila kusimama. Kipande cha mwisho kilipotoka, ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, na saruji ikachungulia kwenye mdomo wa kisima, laini, ikizunguka bomba la ndani pande zote. Kama chumvi imezuiwa kweli, hakuna aliyejua. Hilo wangeliuliza ulimi siku pampu itakapofungwa.

Abdulatif aliomba dumu la maji, akatawadha nyuma ya lori, akaswali sala zake mbili juu ya gunia. Nzisa aliwanyamazisha watu kwa jicho moja, na Urbanus akazima injini kabisa bila kuambiwa. Sasa ilikuwa inaruhusiwa kuzimwa.

Alipoinuka akamkuta mchungaji amesimama karibu na kisima, kofia mkononi, koti bado liko kwenye baiskeli. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Watu wanataka tushukuru," alisema. "Lakini nimeona nikuulize kwanza. Inaweza kusimama?"

Abdulatif aliweka kiganja kwenye bomba la ndani, lile la kudumu. Hakulikuta likitetemeka. Lilikuwa limetulia, na utulivu wake haukumtisha.

"Hii ndiyo ya kusimama, Mchungaji. Omba mpaka uchoke."

Mzee yule alicheka kidogo. Kisha, badala ya kuomba, alinyoosha mkono na kuuweka kwenye chuma kando ya mkono wa Abdulatif. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka nyumba ya jirani.

"Iko moto," alisema.

"Inashika."

"Huko chini kote?"

"Huko chini kote."

Nzisa akaja, akaweka wake. Akaja Wambua, na Urbanus, na wale akina mama, mkono juu ya mkono pale ambapo chuma hakikuwatosha. Watu wengine wakazunguka nyuma yao wakingojea zamu. Mchungaji alifungua kinywa kuanza maombi, akakifunga tena, na joto liliendelea kupanda kutoka ardhini kuingia katika viganja vyao. Muda ulipita. Hakuna aliyesema ameni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa mkono.